Kasoro Iliyofichika na Tarehe ya Mwisho: Kwa Nini Gari Lichunguzwe Kabla Dhamana Haijaisha

Tarehe 9 Mei 1955, katika jimbo la New Jersey, Marekani, Bwana Claus Henningsen alikabidhiwa gari jipya la aina ya Plymouth, zawadi aliyomkusudia mkewe, Bibi Helen. Siku 10 baadaye bibi huyo alikuwa akiliendesha katika barabara laini, kwa mwendo usiofika hata kilomita 40 kwa saa. Mara akasikia kishindo kikubwa upande wa mbele, chini ya gari, kana kwamba kitu kimepasuka. Usukani ukazunguka mikononi mwake, gari likachepuka kulia na kuugonga ukuta wa matofali. Mita ilionyesha kwamba gari hilo lilikuwa limekwenda maili 468 tu, yaani kilomita 750 hivi.

Sehemu ya mbele ilipondeka vibaya hata haikuwezekana tena kubainisha ni kipande gani cha mfumo wa usukani kilichokuwa na kasoro kabla ya ajali. Nyuma ya mkataba wa ununuzi, kwa herufi ndogo, kulikuwa na dhamana: kiwanda kitabadilisha kipande chochote kitakachothibitika kuwa kibovu ndani ya siku 90 au maili 4,000, lolote litakalotangulia, na zaidi ya hapo hakina wajibu mwingine. Bibi Henningsen alikuwa ameumia, lakini kwa mujibu wa maneno hayo alichostahili ni kipande cha chuma. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya New Jersey, nayo ikaamua tarehe 9 Mei 1960, miaka mitano kamili tangu gari likabidhiwe, kwamba mtengenezaji na mwuzaji hawawezi kujificha nyuma ya herufi ndogo kukwepa wajibu wao kwa mtu aliyejeruhiwa.

Wanasheria huitaja kesi hiyo hadi leo. Mtu wa sayansi, hata hivyo, ana swali lake jingine la kuuliza. Je, tarehe 9 Mei 1955, gari lilipokuwa liking'aa mbele ya duka, kasoro ile ilikuwa wapi? Jibu lielekealo kuwa sahihi ni kwamba ilikuwa mle mle garini. Hakuna aliyeiona, wala aliyeisikia, wala aliyeitafuta. Ajali ya Bibi Henningsen ilitokea ndani ya siku 90, na kwa hiyo tarehe ya mwisho haikuwa tatizo lake. Lakini kasoro za namna hiyo hazina kalenda. Ipo inayojitokeza katika kilomita 750, na ipo inayokaa kimya hadi kilomita 110,000. Dhamana, kwa upande wake, ina kalenda isiyobadilika. Katika pengo lililo kati ya kalenda hizo mbili ndimo fedha za mwenye gari hupotea, na mara nyingine maisha.

Miaka mitatu isiyofika miaka mitatu

Dhamana, ambayo mafundi na wauzaji wengi huiita waranti, ni ahadi ya kiwanda kwamba kasoro itokanayo na malighafi au na uundaji itarekebishwa bila malipo katika muda uliotajwa. Muda huo umekuwa ukirefushwa. Kwa magari yake ya mwaka 1963 kampuni ya Chrysler ilishangaza wenzake kwa kuahidi miaka 5 au maili 50,000 kwa injini na mitambo ya kuendesha magurudumu. Nchini Japani dhamana ya kawaida ya gari jipya ni miaka 3 au kilomita 60,000, na ile ya sehemu muhimu kama injini ni miaka 5 au kilomita 100,000. Katika Afrika ya Mashariki hati nyingi za magari mapya huandika miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia.

Maneno hayo mawili ya mwisho yapewe uzito wake. Kilomita 100,000 zikigawanywa kwa siku za miaka 3 ni kilomita 91 hivi kwa siku. Mwenye gari la kwendea kazini mjini hazifikii. Lakini chukulia gari la shirika linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na kurudi mara moja kila juma. Safari moja ni kiasi cha kilomita 830, kwenda na kurudi ni 1,660, na kilomita 100,000 zitatimia katika majuma 60, yaani miezi 14. Mkurugenzi wa shirika anaitazama hati iliyoandikwa miaka 3 akidhani ana nafasi ya kutosha, kumbe dhamana imekwisha kitambo na gari halijafikisha hata mwaka wa pili. Kazi ya kwanza ya uchunguzi wowote, basi, ni hesabu ya kugawanya: kilomita zilizobaki kwa kilomita za mwezi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuifanya, na madereva wengi hawaifanyi.

Umri wa mtambo

Kwa nini viwanda vichague miaka mitatu, wala si thelathini? Hapa wahandisi hutumia mchoro unaofahamika sana. Katika mhimili wa mlalo huwekwa umri wa mtambo, na katika mhimili wa wima kasi ya kuharibika, yaani katika mitambo mia iliyo mizima leo, ni mingapi itakayoharibika mwezi ujao. Mstari unaopatikana huanza juu, ukashuka, ukatambaa sawasawa kwa muda mrefu, kisha ukapanda tena. Umbo lake ni la beseni lililokatwa katikati na kutazamwa ubavuni.

Mteremko wa kwanza ni utoto wa mtambo. Hapo huonekana makosa ya kiwandani: skrubu isiyokazwa, chuma chenye tundu ndani lililosababishwa na hewa wakati wa kuyeyushwa, waya uliobanwa vibaya. Mitambo yenye makosa hayo huanguka mapema, na iliyobaki ni ile iliyo imara, ndiyo maana kasi hushuka. Sehemu bapa ni utu uzima, ambapo uharibifu huja kwa bahati mbaya na bila mpango. Mwinuko wa mwisho ni uzee: mpira umekauka, chuma kimelika, nyaya zimeota kutu.

Anayekumbukwa zaidi kwa kuyaweka mambo haya katika hesabu ni Waloddi Weibull, mhandisi wa Uswidi aliyeishi kati ya 1887 na 1979. Katika makala yake ya mwaka 1951 alionyesha kwamba kanuni moja fupi inaweza kueleza mtawanyiko wa mambo yasiyohusiana kabisa, na miongoni mwa mifano yake yalikuwamo nguvu za chuma cha pua na za nyuzi za pamba ya India, na hata upana wa maharage. Kanuni hiyo ina namba moja inayoamua umbo la mstari. Ikiwa chini ya 1, kasi ya kuharibika hupungua kadiri umri unavyoongezeka, nayo ni hali ya utoto. Ikiwa sawa na 1, kasi haibadiliki. Ikizidi 1, kasi hupanda, nao ni uzee. Kiwanda kinachokusanya taarifa za magari yake kinaweza kuikadiria namba hiyo kwa kila kipande.

Kwa hiyo tarehe ya mwisho wa dhamana haiwekwi kwa kubahatisha. Huwekwa mahali ambapo, kwa wastani wa maelfu ya magari, utoto umekwisha na uzee bado haujaanza kukigharimu kiwanda. Neno la kuangaliwa ni wastani. Kiwanda hununua na kuuza kwa wastani, lakini mwalimu aliyekopa fedha kununua gari ana gari moja tu. Gari hilo moja likiwa na kasoro ya utotoni inayochelewa kujitokeza, wastani haumsaidii chochote.

Jinsi ufa unavyotunza siri

Tarehe 8 Mei 1842 garimoshi lililokuwa likirejea Paris kutoka Versailles lilivunjika ekseli ya mbele ya injini. Mabehewa yalipandana, moto ukawaka, na watu zaidi ya 50 wakafa, mmoja wao akiwa mpelelezi mashuhuri wa bahari, Jules Dumont d'Urville. Kilichowasumbua wahandisi ni kwamba ekseli za namna ile zilikuwa zikibeba mzigo uleule kwa muda mrefu bila taabu. Chuma kilichoweza kubeba tani kadhaa jana kiliwezaje kushindwa leo na mzigo usiozidi wa jana?

Mjerumani August Wöhler, aliyekuwa akifanya kazi katika reli, alitumia miaka mingi hadi 1870 kulijibu swali hilo kwa kuzipinda ekseli mara nyingi sana katika mitambo maalumu. Aligundua kwamba mzigo ambao peke yake hauwezi kuvunja chuma utakivunja ukirudiwa vya kutosha. Hali hii huitwa uchovu wa metali. Huanza mahali padogo penye udhaifu, mathalani mkwaruzo, kona kali au punje ya uchafu ndani ya chuma, na kutoka hapo ufa husogea kidogo kidogo kila mzigo unaporudi.

Mwalimu anaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa pakiti moja ya vibanio vya karatasi vya waya. Kila mwanafunzi akunjue kibanio chake, kisha akipinde nyuzi 90 na kukirudisha, akihesabu hadi kikatike. Hesabu za darasa zima zichorwe ubaoni. Vibanio vimetoka katika pakiti moja na kiwanda kimoja, lakini kimoja kitakatika mapema sana na kingine kitachukua mara mbili ya hapo. Zaidi ya hayo, aliyekishika kibanio chake hawezi kujua, pindo moja kabla ya kukatika, kwamba limebaki pindo moja. Mchoro huo wa ubaoni ni ndugu wa mchoro wa Weibull.

Sasa chukulia, kwa ajili ya hesabu tu, mkono wa chuma chini ya gari wenye ufa wa urefu wa milimita 0.01 tangu kiwandani, na kwamba ufa huo huongezeka maradufu kila kilomita 10,000. Katika kilomita 50,000 utakuwa na milimita 0.32, haba mno kuonekana. Katika 80,000 ni milimita 2.56. Katika 90,000 ni 5.12, na katika 100,000, siku dhamana inapokufa, ni 10.24. Ikiwa mkono huo hukatika ufa ukifika milimita 20, utakatika karibu na kilomita 110,000, na gharama yote ni ya mwenye gari. Lakini fundi akiingia chini ya gari hilo katika kilomita 95,000 akiwa na taa nzuri na kitambaa cha kufutia, ataukuta ufa wa milimita 7. Ufa ni uleule na kosa la kiwanda ni lilelile, ila mlipaji amebadilika. Nyufa halisi hazifuati hesabu safi namna hiyo, lakini tabia yake ndiyo hiyo: sehemu kubwa ya maisha yake ni kimya, na sehemu fupi ya mwisho ni haraka.

Dereva ndiye wa mwisho kujua

Wako wanaosema kwamba gari likienda vizuri lisiguswe. Kauli hiyo ina busara yake kwa fundi anayependa kufungua kila kitu, lakini inajengwa juu ya dhana kwamba dereva angehisi kama kungekuwa na tatizo. Dhana hiyo haina msingi. Ernst Heinrich Weber, profesa wa Leipzig katika karne ya 19, alipowapa watu mizito ya kulinganisha, aliona kwamba hawahisi ongezeko lolote mpaka lifikie sehemu fulani ya uzito wa kwanza. Mshumaa mmoja unaowashwa katika chumba chenye giza huonekana mara moja, lakini ukiongezwa katika chumba chenye mishumaa mia hautambuliki.

Dereva wa kila siku hulinganisha gari la leo na gari la jana. Tofauti ya siku moja iko chini kabisa ya kiwango cha kuhisi. Breki hushuka kidogo, mkono huzoea. Beringi ya gurudumu huanza kuvuma, na sikio huona ni mlio wa tairi. Mara nyingi mgeni akipanda gari hilo kwa mara ya kwanza ndiye anayeuliza, "Huu mlio ni wa nini?" Mwenye gari hushangaa, kwani hakuwa akisikia mlio wowote. Kwa sababu hiyo uchunguzi wa kabla ya dhamana kuisha ufanywe na mtu mwingine, na kwa vipimo ambavyo havina mazoea.

Fundi anachokitafuta

Kilicho bora ni kumpata fundi stadi asiyefungamana na wakala aliyeuza gari. Wakala si lazima awe mtu mbaya, lakini ni vigumu kumtarajia atafute kwa bidii kazi ambayo haitamlipa vizuri. Fundi huyo wa nje aambiwe wazi kwamba kazi yake ni kutazama na kupima, si kufungua. Kipande kilichofunguliwa nje ya gereji ya wakala kinaweza kuwa kisingizio cha kukataa dai.

Gari lipelekwe injini ikiwa baridi, ikiwezekana limelala hapo gereji usiku kucha. Baadhi ya milio ya minyororo na ya vali husikika sekunde chache tu za kwanza, kabla mafuta hayajapanda juu, na injini iliyokwisha kupata moto huificha. Jingine, ambalo wengi hulikosea kwa nia njema, ni kwamba injini isioshwe kabla ya uchunguzi. Katika barabara zetu vumbi jekundu hushikamana na mafuta, na pale linapoganda kama tope jeusi ndipo penye kuvuja. Fundi mzuri huusoma uchafu huo kutoka juu hadi chini kama mwanajiolojia anayesoma tabaka za miamba. Akiosha, amefuta ushahidi.

Gari likiwa juu ya jeki na vigingi imara, gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, beringi au kiungo cha kukunjia kimelegea. Likishikwa kushoto na kulia likacheza, mikono ya usukani inashukiwa. Gurudumu lizungushwe kwa mkono na fundi aweke kiganja kwenye springi: mkwaruzo wa beringi husikika mkononi kabla haujasikika sikioni. Vifuniko vya mpira vinavyozihifadhi grisi za ekseli za mbele vikaguliwe mikunjo yake yote, maana mpasuko mdogo huruhusu mchanga kuingia. Betri ipimwe kwa voltimita, kwanza gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, ambapo betri nzima iliyojaa huonyesha kiasi cha volti 12.6, kisha injini ikinguruma, ambapo magari mengi huonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5. Mwalimu wa fizikia hahitaji kuelezwa zaidi.

Magari ya sasa yana shahidi mwingine, nao ni kompyuta. Tangu magari ya mwaka 1996 nchini Marekani, na baadaye Ulaya, sheria ilitaka kila gari jipya liwe na kompyuta inayochunguza mfumo wa injini na moshi na kuweka kumbukumbu ya hitilafu kwa namba maalumu, na tundu la kuunganishia chombo cha kuzisoma. Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni kwamba taa ya onyo haiwaki kila mara hitilafu inapoonekana. Hitilafu nyingi zikitokea safari moja tu, kompyuta huandika namba ya kungojea na kunyamaza. Zikijirudia safari inayofuata ndipo taa huwaka. Kwa hiyo dashibodi isiyo na taa hata moja si cheti cha uzima. Chombo cha kusomea namba hizo kimekuwa cha bei ya kadiri, na gereji nyingi za mijini zinacho. Namba zikipatikana ziandikwe, zisifutwe.

Kilicholika na kilicho kibovu

Hapa ndipo madai mengi hushindwa. Dhamana hailipi vitu ambavyo kazi yake ni kulika: pedi za breki, sahani ya klachi, vifutio vya kioo, vichujio. Tairi na betri mara nyingi zina dhamana zake fupi. Aidha hailipi madhara ya ajali, ya mzigo kupita kiasi, wala ya kuacha kubadilisha mafuta kwa wakati. Mwenye gari akienda kwa wakala na kusema, "Pedi zangu zimekwisha," atajibiwa kwa haki kwamba ndivyo pedi zilivyo.

Lakini kulika nako kuna sheria zake. Vitu viwili vinavyofanya kazi sawa hulika sawa. Pedi za gurudumu la kushoto zikiwa na milimita 7 na za kulia zikiwa na milimita 2, pedi si tena hoja. Hoja ni kibano cha breki kilichokwama upande mmoja, na kibano si kitu cha kulika. Tairi lililoliwa ukingo wa ndani peke yake linashuhudia kwamba pembe ya gurudumu imepotoka, na lazima iulizwe kama ni shimo la barabarani au ni kiungo kilicholegea. Mafuta ya injini yanayopungua pasipo tone hata moja chini ya gari yanaungua ndani. Fundi anayepima pande zote mbili na kuandika tofauti anageuza lalamiko kuwa ushahidi, na ushahidi wa namna hii ni mgumu kukataliwa kuliko sauti ya juu mbele ya kaunta.

Kutu nayo isisahauliwe, hasa Mombasa, Tanga, Zanzibar na miji mingine ya pwani ambako hewa ina chumvi. Hati nyingi zina kifungu cha kutu chenye muda wake, mara nyingi mrefu kuliko dhamana yenyewe, lakini huhesabu tu kutu iliyotoboa bati kutoka ndani.

Karatasi na wakati

Uchunguzi uliofanywa juma la mwisho ni nusu ya uchunguzi. Hitilafu nyingine huja na kuondoka, na wakala atataka kuiona kwa macho yake. Vipuri huagizwa kutoka ng'ambo. Na mabishano huchukua siku. Miezi miwili kabla, au kilomita 5,000 hivi kabla, kutegemea kipi kinakaribia, ni kiasi cha kufaa. Lalamiko liwasilishwe kwa maandishi, likiwa na tarehe, kilomita zilizosomwa siku hiyo, maelezo ya hitilafu na mazingira yake: baridi au moto, mwendo gani, mlimani au tambarare. Wakala atie muhuri katika nakala. Hati nyingi hutaka hitilafu itolewe taarifa ndani ya muda, na mwenye nakala yenye muhuri ana la kusimamia hata kama kipande kitafika baada ya tarehe. Aliyesema kwa mdomo kwa kijana wa mapokezi hana.

Pamoja na hilo ziwekwe stakabadhi zote za huduma. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kushurutisha kwamba dhamana itadumu tu ikiwa mnunuzi atatumia vipuri au huduma zenye jina la mtengenezaji huyo, isipokuwa vikitolewa bure au kwa kibali maalumu. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi asiitegemee sheria ya nchi nyingine. Asome hati yake, hasa kurasa ambazo mwuzaji hakumfungulia.

Wasio na dhamana

Msomaji anaweza kusema kwamba magari mengi ya Afrika ya Mashariki huja yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na dhamana zake zilibaki huko. Ni kweli. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa, na hata gari changa kuliko hilo huwa limekwisha kupita muda wa kiwanda. Kwa mnunuzi huyo uchunguzi uleule una thamani zaidi ukifanywa kabla ya fedha kutoka mkononi, kwani hapo ndipo penye tarehe yake ya mwisho.

Hata hivyo kuna haki moja ambayo kwa kawaida haiishi pamoja na dhamana: wito wa kiwanda wa kurudisha magari yenye kasoro ya hatari. Mfano mkubwa kuliko yote ni wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Mifuko hiyo ilijazwa hewa kwa mlipuko wa amonia nitrati, na katika mingi hapakuwa na kemikali ya kunyonya unyevu. Joto na unyevunyevu vikirudia kwa miaka viliiharibu baruti hiyo, ikalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa abiria. Wito ulianza mwaka 2008, ukaenea katika makumi ya mamilioni ya magari ya viwanda vingi, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Hatari ilionekana kuwa kubwa zaidi katika maeneo ya joto na unyevu, nayo ndiyo hali ya hewa ya pwani yote kuanzia Lamu hadi Mtwara.

Ili kujua kama gari fulani limeitwa, huhitajika namba yake. Magari yaliyotengenezwa kwa masoko mengi ya ulimwengu hubeba namba ya alama 17, isiyo na herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba hiyo, bali namba fupi ya fremu: herufi na tarakimu za muundo, kistari, kisha tarakimu za mfuatano. Hupatikana katika kibati kilicho ndani ya boneti au nguzo ya mlango, na imo pia katika kadi ya usajili. Namba hiyo ndiyo apelekewe wakala wa aina hiyo ya gari, naye ataitafuta katika orodha ya kiwanda.